Isidori Bakanja, mutu wa kazi ya mukono

Maji ya Luama yetu yanaingia Lualaba. Lualaba inapita Kindu, inapita Kisangani, inageuka mto Kongo, na mbele sana, baada ya siku nyingi za safari ya maji, inafika Mbandaka. Wakati wa wakoloni mji huo uliitwa Coquilhatville. Huko, karibu na mwaka 1905, kulikuwa kijana mmoja mwenye kubeba matofali na kukoroga udongo wa kujengea. Jina lake Bakanja. Hakuwa mutu wa Maniema, hakusema Kiswahili vile tunakisema sisi huku Kasongo na Kabambare, na hakuna mahali tunasoma kwamba mguu wake ulifika kwetu. Lakini sisi wa sindika tukihesabu ndugu zetu wa kazi, huyu hatumuachi nje.

Wakristu wakatoliki wa Salamabila wanamujua. Wanajua skapulari yake, wanajua fimbo aliyopigwa, wanajua kwamba Baba Mtakatifu alimtangaza Mwenye Heri. Mapadri wanasema maisha yake vizuri. Ila tumeona wengi wetu hatujui alikuwa anafanya kazi gani, kwa nani, kwa mapatano gani, na kwa nini mukubwa wake wa kazi alimchukia hadi kumuua. Tutasimulia kwa upande huo, kwa sababu ndio upande tunaoujua: kutoka asubuhi na chepe mkononi, kusubiri malipo, kuomba ruhusa na kunyimwa.

Juu ya utoto wake hakuna mengi. Alizaliwa Bokendela, katika watu wa Boangi, walio ukoo mmoja na Wamongo wa Équateur. Mwaka wenyewe hakuna aliyeuandika. Wanaohesabu wanasema ni kati ya 1880 na 1890. Baba yake aliitwa Iyonzwa, mama yake Inyuka. Watu wa kulima, kuvua na kuwinda. Ni hayo tu, na yanatosha, maana kijana wa namna hiyo kila mutu hapa kwetu anamfahamu: anatoka kijijini akiwa na miguu yake na mikono yake, anakwenda pale wanaposema kuna kazi.

Tukumbuke ulikuwa wakati gani. Inchi yote ilikuwa mali ya mutu mmoja, mfalme Léopold II wa Ubelgiji, na katika misitu ya Équateur watu walilazimishwa kuleta kauchu, ule mpira wa mwitu. Asiyefikisha kilo alipata chikoti, au walimfunga mke wake mpaka kilo itimie. Mwaka 1903 Roger Casement, konsuli wa Waingereza, alipanda mto kujionea mwenyewe, na ripoti yake ya mwaka 1904 ilitikisa Ulaya. Novemba 1908 Ubelgiji ilimpokonya mfalme ile koloni. Bendera ilibadilika. Kwenye mashamba ya ndani, wakubwa wa kazi walibaki wale wale na fimbo ilibaki ile ile. Sisi wa Maniema chikoti tulikijua mapema zaidi, kwa misafara ya watumwa iliyopita Kabambare kuelekea ziwa Tanganyika, na baadaye kwa wakoloni. Hatuhitaji kufundishwa ni kitu gani.

Bakanja alishuka Mbandaka, akapata kazi ya musaidizi wa masoni. Kazi hiyo haina sifa. Masoni mwenyewe anashika mwiko na kamba, ukuta ukisimama watu wanamsifu yeye. Musaidizi anachota maji, anakoroga udongo, anabeba matofali kichwani, anapanda, anashuka, na jioni hakuna anayeuliza jina lake. Ni kama kwetu kwenye shimo: kila mutu anamjua PDG, wachache wanamjua yule anayetoa mifuko ya mawe juu siku nzima, na yule anayepanga miti ndani ili udongo usituangukie. Na wamama wanaotwanga mawe, hao hata kwenye hesabu ya timu hawaandikwi.

Pale kwenye kazi ndipo Bakanja alikutana na Wakristu. Karibu na Mbandaka kulikuwa misioni ya Watrapisti, watawa waliotoka Westmalle, Ubelgiji. Trapisti ni mutu anayeishi kwa kusali na kufanya kazi kwa mikono, tena kwa kunyamaza. Hatujui ni nini hasa kilimvuta kijana huyu. Pengine ni hilo: kuona wazungu wanaoshika jembe. Alifundishwa, na tarehe 6 Mei 1906 alibatizwa kwa jina la Isidori. Kuna mtakatifu wa jina hilo, Isidori wa Madrid, aliyekuwa kibarua wa shamba la mwingine huko Uhispania miaka mia nane na zaidi iliyopita. Kama padri aliyembatiza alimfikiria huyo, hatuwezi kuapa, ila jina lilimkaa vizuri. Tarehe 25 Novemba mwaka ule ule alipata kipaimara, na tarehe 8 Agosti 1907 alipokea komunyo ya kwanza.

Siku zile Mkristu mpya alipewa vitu viwili: rozari, na skapulari ya Bikira Maria wa Mlima Karmeli. Kwa wasiojua, skapulari ni vipande viwili vidogo vya kitambaa vilivyoungwa kwa uzi, kimoja kinakaa kifuani, kingine mgongoni. Si dawa, si hirizi. Ni nguo ya kazi ya watawa iliyopunguzwa mpaka ikawa ndogo kabisa: zamani skapulari ilikuwa kitambaa kirefu ambacho mtawa alikivaa juu ya kanzu yake akienda kufanya kazi. Jambo hilo halisemwi mara nyingi, nasi tunalipenda. Ndugu zetu Waislamu, ambao kwetu Kasongo na Kabambare ni wengi, watafahamu rozari bila maelezo, maana nao wana tasbihi, na wanajua ni kitu gani mutu kuhesabu jina la Mungu kwa vidole vilivyochoka.

Kontra yake ya umasoni ilipokwisha, Isidori alirudi kwao. Alifanya vile tunafanya wote, alirudi kusalimia wazazi. Lakini kijijini hakukuwa Mkristu mwingine hata mmoja, hakuna wa kusali naye. Alikuwa na ndugu upande wa Busira, mto unaoteremka kuelekea Mbandaka, akamfuata huko, na akapata kazi ya boyi nyumbani kwa muzungu mmoja aliyeitwa Reynders. Kutoka kujenga ukuta akaingia kupika, kufua, kupanga meza. Wako wanaoona huko ni kushuka. Yeye hatusikii popote kwamba alilalamika, wala kwamba alibagua kazi.

Reynders alikuwa mutu wa kampuni iliyoitwa Société Anonyme Belge, SAB kwa kifupi, iliyofanya biashara ya kauchu na pembe katika Haut-Congo. Akatumwa kwenda Ikili, shamba la kampuni, akamchukua boyi wake. Mukubwa wa Ikili alikuwa Van Cauter. Wenyeji walimpa jina la Longange. Alijulikana kote kwa mambo mawili, ukali wake na chuki yake kwa mapadri. Wanasimulia kwamba Reynders mwenyewe alimwonya Isidori asionyeshe kule kwamba ni Mkristu.

Kwa nini chuki hiyo? Mutu anaweza kujibu haraka kwamba Longange alimchukia Mungu. Sisi tunafikiri lazima tuongeze kitu. Mawakala wengi wa kauchu hawakupenda kuona misioni karibu, awe padri awe pasta, kwa sababu mutu wa misioni ana macho, anaandika barua, na barua inafika Ulaya. Tena Mkristu mweusi anayefundisha wenzake sala alikuwa anafanya jambo la hatari zaidi kwa shamba la namna ile: aliwakusanya watu jioni, bila ruhusa ya mukubwa, akawaambia kwamba mbele ya Mungu wao ni watoto sawa na muzungu. Isidori alifanya hivyo Ikili. Hakuwa katekista wa kutumwa, hakuwa na barua ya padri. Alifundisha wenzake wa kazi sala alizozijua, baada ya saa za kazi, taratibu. Longange alilalamika kwamba mambo ya sala yakienea hakuna atakayefanya kazi tena. Uongo huo wa zamani tunaujua. Kila wafanyakazi wanapokaa pamoja kuongea, kuna mukubwa anayesema sasa kazi itakufa. Kazi ya Isidori haikufa. Katika yote yaliyosemwa na mashahidi hakuna mahali panaposema alikuwa mvivu au mwizi. Alimtumikia muzungu wake vizuri, na sala zake alizifanya kwa muda wake mwenyewe.

Alipoona hali ni mbaya aliomba ruhusa ya kurudi kwao. Walimnyima. Hapo wachimbaji tunasimama kidogo. Mutu huru anaweza kuacha kazi. Mutu ambaye hawezi kuondoka, hata kama anapewa mshahara, hata kama jina lake liko kwenye daftari, huyo kazi yake imegeuka kitu kingine. Isidori alijaribu njia ya amani kwanza, aliomba tu kwenda zake. Wakamfungia mlango.

Mambo yalianza mwezi Februari 1909. Longange aliona ile skapulari shingoni mwa kijana, akamwamuru aitoe. Hakuitoa. Siku chache baadaye akaiona tena, akaamuru apigwe, na Isidori akapigwa fimbo ishirini na tano. Mutu angefikiri sasa ataificha. Akabaki nayo. Kitambaa cha bei ya bure, ambacho mwenyewe angeweza kukiweka mfukoni mpaka siku ya kuondoka. Wako ndugu zetu wanaosema kwa moyo mzuri kwamba alikuwa na kichwa kigumu. Sisi tunajibu kwa swali. Ukiweka mfukoni leo jina lako la Mkristu kwa sababu mukubwa hataki, kesho atakuambia uweke nini? Masaa yako ya kupumzika? Jina la baba yako? Mukubwa wa kazi ananunua nguvu ya mikono kwa saa fulani. Kilichoko shingoni na kilichoko ndani ya kifua hakikuandikwa kwenye kontra.

Siku nyingine, wakati wa mapumziko, Isidori alikuwa peke yake pembeni, karibu na maji, anasali. Tunaomba msomaji asipite haraka hapo. Hakuwa anahubiri, hakuwa anaimba, hakuwa amesimamisha kazi ya mutu. Alikuwa mutu aliyekaa chini katika saa yake ya kupumzika, akinyamaza. Longange alikuwa kwenye baraza anakunywa kahawa yake, akamwona, na kunyamaza kule kukamuudhi kuliko makelele. Akaagiza aitwe. Akamnyang'anya skapulari, na wanasimulia kwamba aliitupia mbwa. Kisha akawaita watu wawili wa kazi wampige kwa chikoti cha ngozi ya tembo, kilichotiwa misumari. Walihesabu zaidi ya mapigo mia mbili. Isidori alikuwa amelala chini, wengine wamemshika mikono na miguu, na Longange mwenyewe alimkanyaga na kumpiga teke.

Na wale waliopiga? Walikuwa wafanyakazi kama yeye, weusi kama yeye. Walisita, wakatishwa, wakapiga. Hatutaki kuwahukumu kutoka mbali, miaka zaidi ya mia moja imepita. Lakini hatutaki pia kuruka jambo hilo kana kwamba halikuwako, sababu kwenye kazi zetu lipo mpaka leo: mukubwa mwenyewe hachafui mkono. Anatafuta maskini mmoja wa kumpiga maskini mwingine, na jioni wote wawili wanalala na njaa ile ile.

Mgongo wake ulikuwa kidonda kimoja. Wakamfunga minyororo miguuni, yenye uzito, wakamfungia katika nyumba ya kukaushia kauchu. Hakuna dawa. Hata haja ndogo alikwenda kwa kutambaa. Kisha ikasikika kwamba mkaguzi wa kampuni anakuja Ikili. Jina lake Dörpinghaus, Mjerumani. Longange akaogopa. Akaamuru Isidori aondolewe apelekwe kijiji kingine, ili mkaguzi asione mgongo ule. Kila mutu aliyefanya kazi kwenye kampuni anajua desturi hiyo: siku ya mkaguzi, njia zinafagiliwa, kofia zinagawiwa, wagonjwa wanaambiwa wabaki nyumbani.

Isidori hakuweza kutembea mbali. Njiani akajificha msituni, akajiburuta mpaka mahali mkaguzi atakapopita, na akatoka kwenye majani mbele yake. Dörpinghaus baadaye aliandika alichokiona: mutu anatoka msituni akijivuta kwa fimbo mbili, mgongo umechimbwa kwa vidonda virefu vinavyonuka, nzi wamemjaa. Longange alipofahamu alikuja kwa hasira akataka kummaliza pale pale. Mkaguzi alimzuia, akamchukua Isidori kwenye chombo chake, akampeleka Busira apate matunzo.

Tumekaa sana juu ya jambo hili la kujificha, kwa sababu katika kanisa zetu watu wanamkumbuka Isidori kama mutu aliyevumilia, na ni kweli alivumilia. Lakini mutu anayejiburuta katikati ya msitu na mgongo uliooza, ili akutane na mkaguzi, huyo hakuchagua kunyamaza. Alitaka ionekane. Hakutafuta kulipiza, hakuwatuma ndugu zake wachome nyumba ya Longange. Alipeleka mgongo wake kwa yule mwenye uwezo wa kuandika.

Pale Busira aliishi miezi kadhaa. Vidonda havikupona, vilifika kwenye mfupa. Wakristu wa pale walimtunza kwa zamu, wakamlisha, wakamfukuzia nzi. Kazi hiyo nayo haina sifa, na majina ya wengi walioifanya hatuyasikii kanisani. Mwishoni mwa Julai 1909 mapadri wawili Watrapisti walimfikia. Alipata masakramenti, kitubio, komunyo na upako wa wagonjwa. Wakamuuliza mambo yalivyokwenda. Akaeleza yote, nani alimpiga, kwa sababu gani. Padri alimwomba amsamehe muzungu yule. Isidori akajibu kwamba ameshasamehe, hana hasira naye, na akifika mbinguni atamwombea.

Na bado, katika siku zile zile, kwa waliokuwa karibu na kitanda chake aliacha agizo: wakimwona mama yake, au wakifika kwa hakimu, au wakikutana na padri, wawaambie kwamba anakufa kwa sababu ni Mkristu. Mama, hakimu, padri. Tumejiuliza kwa nini hakimu yuko katikati. Mutu aliyesamehe anamtafutia nini hakimu? Wako wakubwa wanaopenda sana sehemu ya kwanza ya maisha haya, ile ya kusamehe, na wakisikia mfanyakazi amevunjika mguu shimoni wanamkumbusha kwamba Mkristu mzuri hapeleki ndugu yake mahakamani. Isidori hakuona ugomvi kati ya mambo hayo mawili. Moyo wake aliusafisha kwa Longange, deni la chuki alilifuta. Ukweli wa kilichotendeka hakuufuta, maana haukuwa mali yake peke yake. Wale wengine wa Ikili walikuwa bado chini ya fimbo ile ile.

Tarehe 15 Agosti 1909, sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, ilikuwa Jumapili. Wakristu walikusanyika kusali pamoja na mgonjwa wao. Wanasimulia kwamba yeye, ambaye kwa muda mrefu hakuweza kusimama, aliinuka bila kusema neno, akatembea polepole kwenye migomba, rozari mkononi. Kisha akarudi, akala kidogo, akalala, akafa. Walimzika na rozari yake, na skapulari nyingine shingoni. Umri wake haukufika miaka thelathini.

Ripoti ya Dörpinghaus ilifanya kazi yake. Longange alifukuzwa kazi na kufikishwa mbele ya sheria, jambo ambalo kwa wakati ule, muzungu kujibu juu ya damu ya boyi, halikuonekana kila siku. Lingekuwa jepesi kupotea. Mutu mweusi amekufa shambani, nani angeuliza? Liliwezekana kwa sababu ya mgongo ule uliotoka msituni, na kwa sababu mutu mmoja mwenye cheo alikubali kuandika alichokiona kuliko kulinda jina la kampuni yake. Mwaka 1917 mifupa ya Isidori ilifukuliwa, ikapelekwa kwenye misioni ya Bokote, na watu wa Équateur waliendelea kumkumbuka bila kungoja Roma.

Roma ilikuja baadaye sana. Tarehe 24 Aprili 1994, wakati maaskofu wa Afrika walikuwa wamekusanyika kule kwa sinodi yao, Baba Mtakatifu Yoane Paulo II alimtangaza Isidori Bakanja Mwenye Heri. Kongo ilikuwa imeshapata Mwenye Heri Anuarite, mtawa aliyeuawa Isiro mwaka 1964 na kutangazwa Kinshasa mwaka 1985. Siku ile ya 1994 Isidori hakutangazwa peke yake. Pembeni yake walikuwako wamama wawili wa Italia, Elisabetta Canori Mora, aliyevumilia ndoa ngumu na kulea watoto wake, na Gianna Beretta Molla, daktari aliyekufa baada ya kumzaa mtoto wake wa nne. Hakuna askofu kati yao, hakuna mwanzilishi wa shirika, hakuna mwalimu mkubwa wa vitabu. Mama wa nyumbani, mama daktari, na kijana wa kubeba matofali. Sisi tulikuwa bado vijana mwaka ule, na habari za Aprili 1994 zilizotufikia zilikuwa za Rwanda, za damu na za wakimbizi. Sherehe ya Roma ilifunikwa. Pengine ndiyo sababu familia nyingi za wachimbaji hazijasikia habari zake zote.

Mapadri wanamtaja kama mfano wa walei, watu wa kawaida waliobatizwa. Ni vizuri. Tungependa waongeze, mbele ya jina lake, kazi yake, vile tunavyosema Yosefu seremala. Isidori musaidizi wa masoni, Isidori boyi. Nyumba alizosaidia kujenga Mbandaka hakuna anayejua ziko wapi, kama zimesimama au zimeanguka. Hakuna tofali lililoandikwa jina lake. Alizijenga sawa, akalipwa, akaondoka. Alipofika saa ya kukataa alikataa kitu kimoja tu, na hakupandisha sauti.

Kwa miaka hii yote bado anaitwa Mwenye Heri, si Mtakatifu. Wanaopenda kusali kwa maombezi yake wanaweza kufanya hivyo popote, hata pembeni ya shimo wakati wa mapumziko, kabla motopompe haijawashwa tena. Mifupa yake iko Bokote, mbali na sisi.